Malio ya Kiko

Nimezoea kuandika hapa habari za vina, mizani na maneno yaliyosahauliwa. Leo nawaomba wasomaji wanistahimilie, kwani nitaanza na kipande cha mti na msumeno, na nitachukua mwendo mrefu kabla ya kulifikia neno. Neno lenyewe limenisubiri tangu mwaka 1987. Sidhani litaona taabu kusubiri kidogo tena.

Mimi sivuti tumbaku, wala sijapata kuivuta. Hata hivyo, tangu nistaafu ualimu mwaka 2019 nimetengeneza viko 17 kwa mikono yangu. Vitano vilipasuka. Kimoja nilikikanyaga mwenyewe gizani. Vilivyobaki vimepangwa kwenye rafu sebuleni, na mgeni anayeviona kwa mara ya kwanza huuliza bei. Nikimwambia haviuzwi, huuliza ni nani anayevivuta. Nikimwambia havivutwi, hunyamaza na kunitazama kwa huruma, kama anayeona dalili za uzee ambazo watu wa nyumbani bado hawajaziona.

Chanzo cha yote ni baba. Alikuwa kibarua wa Mradi wa Karanga, ule ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 kwa matumaini ya kupata mafuta ya kula baada ya vita. Mashamba yalikuwa Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Msitu uliangushwa kwa matrekta yaliyokokota minyororo mizito ya meli, reli ikajengwa kutoka bandari mpya ya Mtwara, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli iling'olewa. Leo tunayo kata iitwayo Stesheni, na mtoto aliyezaliwa hapo anaweza kufikia utu uzima bila kuona behewa. Treni imekwenda, jina limebaki. Kwa maneno mengine, kama nitakavyoeleza, mambo yamekuwa kinyume.

Msimamizi wa baba, Mwingereza ambaye nyumbani kwetu hakuwahi kutajwa kwa jina, alipofungasha virago alimwachia kiko chake. Baba alikivuta kwa zaidi ya miaka 30. Akikaa chini ya mwembe jioni, moshi ukipanda taratibu bila sauti yoyote, sisi watoto tulijua kwamba saa hiyo hasemeshwi. Nasisitiza hilo la kutokuwa na sauti, maana ndilo lililoniponza baadaye. Alifariki mwaka 1991 baada ya kikohozi kirefu ambacho asili yake haikuhitaji daktari kuielezea. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kutovuta, na sina hotuba nyingine juu ya tumbaku.

Nilipostaafu nilipata wasaa wa kufungua sanduku lake la bati. Kiko kilikuwemo, kimefungwa katika kitambaa. Kitako kilikuwa kimeungua hadi kutoboka, tundu la kupitisha kidole. Lakini mdomo wake, ule mweusi wa mpira mgumu, ulikuwa mzima, na upande wa kushoto ulikuwa na vijishimo viwili vya meno ya baba. Niliuweka mezani wiki nzima. Kisha nikaazimia kuuchongea mwili mwingine.

Sikujua ninajiingiza katika nini. Kiko cha Mwingereza yule kilitokana na kivimbe cha mzizi wa kichaka kinachoota kandokando ya Bahari ya Mediterania. Wataalamu wa mimea hukiita Erica arborea. Wafaransa wa mji wa Saint-Claude walijipatia sifa duniani kwa kukichonga tangu karne ya 19. Kivimbe hicho huchemshwa kwa saa nyingi, hukaushwa kwa miezi, na kikisha kukauka hustahimili moto kuliko miti mingi. Mimi sina kichaka hicho. Ninao mpingo.

Mkoa wa Lindi ni nyumbani kwa mpingo. Nachingwea tuna hata kata iitwayo Naipingo, jina ambalo mimi kila nikilisikia huusikia mti ndani yake. Jina lake la kitaalamu, Dalbergia melanoxylon, limebeba maneno ya Kiyunani yenye maana ya mti mweusi, ingawa weusi huo ni wa kiini tu. Tabaka la nje ni jeupe lenye umanjano, na mchongaji hulitupa. Ni mzito hata ukiutia majini huzama. Hukua polepole mno: aupandaye leo hupandia wajukuu. Klarineti na obo zinazopulizwa katika kumbi za muziki za Ulaya hutengenezwa kwa mti huu, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kuvuka mipaka imewekwa chini ya uangalizi wa mkataba wa CITES. Mimi sikati mti. Naokota mabaki kwa wachonga vinyago na maseremala, vipande vya urefu wa kiganja ambavyo wao wangevitia jikoni. Nilipoona mara ya kwanza mpingo ukiwashiwa chai, nilihisi kama mtu aliyekuta kamusi imefungiwa karanga.

Sasa kazi. Kiko kina matundu matatu, na ustadi wote umo katika kukutana kwake. La kwanza ni la kutilia tumbaku, upana wa milimita 20 hivi, na chini liwe la mviringo kama bakuli. La pili ni njia ya moshi, milimita 4 tu, ipitayo katika shingo. La tatu, fupi na pana kuliko la pili, ni pahali pa kuchomekea mdomo. Njia ya moshi sharti itokee chini kabisa ya lile bakuli, katikati, wala isipande wala isishuke. Ikipanda, unyevu na mabaki ya tumbaku hubaki chini yake na mvutaji huambulia uchungu. Ikishuka, kitako kinakuwa chembamba, na moto utakitafuta hapo hapo. Kwa sababu hiyo matundu hutobolewa kwanza, kipande kikiwa bado mche wa pembe nne unaokaa vizuri katika jiliwa, ndipo umbo lichongwe kuyazunguka. Mimi, kwa ukaidi wa kisomi, nilianza na umbo. Nilichonga kiko kizuri ajabu, kisha nikajaribu kukitoboa kwa keekee ya mkono. Tundu lilitokea ubavuni.

Cha pili kilitoboka sawasawa. Mzee mmoja jirani yangu, mvutaji wa siku nyingi, alikubali kukijaribu. Alivuta mara tatu, akasema, "Mwalimu, kitamu." Mara ya nne kikalia kama punje ya mahindi kikaangoni na kupasuka kutoka ukingoni hadi shingoni. Kuta zilikuwa nyembamba, na kipande hakikuwa kimekauka. Tangu hapo kila kipande nilichookota nilikipaka nta kwenye vichwa vyote viwili, ili kisikauke kwa pupa na kupasuka, nikakihifadhi darini muda usiopungua miezi 18, na kuta za viko vyangu haziwi chini ya milimita 8. Ni vinene. Havina uzuri wa vile vya Saint-Claude. Lakini havilii kikaangoni.

Baada ya msumeno huja tupa, na baada ya tupa huja msasa. Hapa naomba nisimame kidogo, maana neno hili limenifurahisha kwa miaka mingi. Msasa tunaounua dukani, karatasi yenye mchanga, umechukua jina la mti. Upo mti uitwao msasa ambao majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na wazee walikuwa wakisugulia nayo mipini na vyombo vya mti kabla karatasi haijafika. Nimejaribu jani hilo kwenye mpingo. Linafanya kazi polepole, lakini mng'aro wake ni wa upole ambao karatasi haiutoi. Siku hizi naanza na karatasi namba 120, nashuka hadi 240 na 400, na kumalizia na jani, zaidi kwa heshima kuliko kwa haja. Anayetaka kufuata njia hii afunge kitambaa puani: vumbi la mpingo huwasha ngozi na kupiga chafya za kutoka machozi.

Umaliziaji ulinishinda mwaka mzima. Vanishi haifai, kwa kuwa joto huivimbisha kama ngozi iliyoungua. Nta ya nyuki, ambayo huku kwetu haikosekani, huyeyuka kwenye nyuzijoto sitini na kitu, na kiko kikipata moto mkono wa mvutaji hunata. Watengenezaji wa ng'ambo hutumia nta ngumu ya mchikichi wa Brazili iyeyukayo juu ya nyuzijoto 80. Sina. Mwishowe niligundua kuwa mpingo una mafuta yake wenyewe. Ukiusugua kwa kitambaa kikavu cha pamba kwa muda wa kutosha, yaani kipindi kizima cha taarifa ya habari na cha michezo juu yake, unang'aa bila kupakwa kitu.

Lakini tundu la kuchomekea mdomo wa baba halikunikubalia. Lilitaka usahihi ambao keekee ya mkono haina. Mara linalegea, mara linabana hadi shingo inapasuka. Nikaambiwa Ruangwa yupo fundi mwenye mashine ya kukereza, ile ambayo kamusi huiita keezo. Nikapanda gari la abiria asubuhi, na nilipofika nikamuuliza kijana wa bodaboda. "Unamtaka Malio, mzee," akasema. "Yuko nyuma ya soko."

Nilidhani ni jina la ukoo.

Nilimkuta mtu wa miaka hamsini na kitu, mvi zimechanganyika na unga wa mbao, akikereza miguu ya kitanda. Alizima mashine, akafuta mikono. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenifahamu?"

"Ulinifundisha Kiswahili kidato cha pili."

Kila mwalimu mstaafu ana tabasamu lake la kujibu maneno hayo, tabasamu linaloficha kwamba sura haikumbukwi. Nikalitoa. Tukaingia kazini.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa mwanafunzi wake. Alinionyesha kukamata kipande kwenye mashine ili tundu likae katikati, na kunoa kekee upya kila baada ya matundu mawili, kwa sababu mpingo hula chuma. "Usiusukume, Mwalimu," alikuwa akiniambia. "Uache mti uje wenyewe." Nilipoharibu hakusema kitu, alichukua kipande, akakitazama, akakiweka kwenye rundo la mabaki, akanipa kingine. Nililinganisha mwenendo huo na kalamu yangu nyekundu, lakini kijuujuu tu, sijui bado ninalinganisha nini. Mdomo wa baba uliingia katika kiko cha tisa. Uliingia kwa mzunguko mmoja wa mkono, ukakaa. Nilibaki nimekishika hadi fundi akaniuliza kama kuna kasoro.

Tatizo lilizuka tulipoanza kuzungumza kwa simu. Mimi nilikuwa nyumbani na yeye Ruangwa, na tulihitaji kutaja sehemu za kiko. "Lile tundu la juu." "Kile kishingo." "Kidude cha mwisho." Kwa mtu aliyefundisha lugha kwa miaka 36, kidude ni aibu. Nikarudi kwenye kamusi zangu. Nilipata majina ya kitu kizima: kiko, mtemba, toza. Majina ya sehemu zake sikuyapata kwa urahisi.

Nilikumbuka wakati huo kwamba kiko ni miongoni mwa maneno yetu yaliyosafiri mbali. Arusha kulikuwa na kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyotengeneza viko kwa jiwe jeupe jepesi lichimbwalo pande za Sinya na Amboseli, chini ya Kilimanjaro. Wajerumani huliita jiwe hilo povu la bahari. Viko hivyo vilipigwa muhuri wa tembo na neno Kiko, vikauzwa ng'ambo, na hadi leo wako wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaolijua neno hilo moja la Kiswahili na hawajui jingine. Nilijiuliza, je, sisi wenyewe tunalijua?

Mjukuu wangu alinipakulia katika simu kitabu cha Askofu Edward Steere cha mwaka 1870, mwongozo wa Kiswahili alioukusanya Unguja. Steere si mgeni wa kusini. Mwaka 1876 ndiye aliyewaongoza watu walioachwa huru kutoka utumwani, wakashuka Lindi na kupanda kwa miguu hadi Masasi. Nilitafuta neno kiko usiku, mwanga wa simu ukiniumiza macho, na nikakuta maelezo marefu kuliko nilivyotarajia.

Kiko, kwa watu wa pwani wa wakati huo, kilikuwa chombo cha maji. Mara nyingi kifuu cha nazi. Juu yake palisimama bori, lenye tumbaku na moto. Bori lilikaa juu ya digali, mwanzi ulioshuka hadi majini. Mwanzi mwingine, shilamu, ulitoka katika chombo ukaenda kinywani. Moshi ulishuka kwa digali, ukapita majini, ukapanda kwa shilamu. Kwa hiyo kile nilichokuwa nikikitengeneza kwa miaka mitatu kilikuwa na bori na aina ya shilamu, na kiko chenyewe hakikuwemo! Jina la chombo cha maji lilienea hadi kwenye kitu kizima, kisha likahamia kwa kiko cha Kizungu kisicho na maji kabisa. Nilicheka peke yangu. Kisha nikasoma sehemu ya mwisho. Ile sauti ya maji yakibubujika mvutaji anapovuta ina jina lake. Huitwa malio ya kiko.

Niliweka simu chini.

Mwaka 1987, katika shule moja ya sekondari ya mkoa huu, niliwapa kidato cha pili insha juu ya mtu nimpendaye. Kijana mmoja kutoka Ruangwa, ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Nachingwea, aliandika juu ya babu yake, mzee wa Kilwa aliyehamia bara. Aliandika kwamba usiku malio ya kiko cha babu yalimbembeleza hadi akalala. Nilizungushia neno malio duara jekundu, nikaandika juu yake "mlio". Nikafuta "yalimbembeleza", nikaandika "ulimbembeleza". Tena nikaandika pembeni kwamba kiko hakina mlio. Nilikuwa na hakika. Nimekua mbele ya kiko cha baba, kiko cha Mwingereza, kikavu, kimya. Sikuishia hapo. Niliisoma sentensi hiyo mbele ya darasa kama mfano wa upatanisho mbaya wa kisarufi, na darasa likacheka, na kufikia mapumziko ya saa nne kijana huyo alikuwa na jina jipya.

Neno alilolifuta mwalimu lilikuwa sahihi, na upatanisho wake ulikuwa sahihi, na kwa maoni yangu lilikuwa bora kuliko langu. Mlio ni mmoja. Hutoka na kukoma. Malio ni mfululizo usiohesabika, na umbo lenyewe la wingi linaubeba mfululizo huo. Mtoto wa miaka 15 aliirithi tofauti hiyo kwa sikio, na mimi niliyelipwa mshahara kuilinda niliifuta kwa wino.

Siku ya tatu nilikwenda Ruangwa. Njiani nilitunga maneno ya kumwambia, yakawa mazuri mno, nikayaacha. Nilimkuta anakereza. Nilimwonyesha ukurasa katika simu. Alisoma bila kuizima mashine, akanirudishia.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akisema babu."

Nikamwambia kwamba niliikosea insha yake na nilimkosea yeye, na kwamba naomba radhi. Kwa desturi zetu si jambo jepesi kwa mwenye mvi kumwambia aliyemfundisha, na yeye alilijua hilo, kwa sababu alitazama chini. Alizima mashine.

"Jina sikulikataa," akasema. "Lilikuwa la babu, ingawa wao hawakujua. Lakini tangu siku ile, Mwalimu, nikiandika insha nilikuwa nachagua maneno ambayo utaniachia."

"Ulifaulu?"

"Nilifaulu."

Kati ya yote niliyoambiwa na wanafunzi wangu, ya shukurani na ya lawama, hilo ndilo ninaloamka nalo usiku. Nilisahihisha maelfu ya madaftari. Ni wangapi walijifunza kwangu kuchagua maneno nitakayowaachia? Sina njia ya kuwatafuta. Nilitunga ubeti mmoja, maana hiyo ndiyo namna pekee niliyo nayo ya kuandika sahihisho, nikampelekea:

Kiko kina bori lake, tumbaku tunamotia,
Digali na maji yake, moshi unamopitia,
Shilamu mdomo wake, mvutaji huvutia,
Malio sauti yake, mwalimu hakusikia.

Alinipigia simu jioni. Alisema vina vimekaa. Kisha akasema kwamba kama nina nafasi tukitengeneze chenyewe, cha maji, kwa kuwa hajakisikia tangu babu alipokufa na mimi sijakisikia kabisa.

Ilituchukua wiki sita. Kifuu cha nazi nilikileta kutoka Lindi. Nilikikwangua ndani kwa kisu na nje kwa jani la msasa hadi kikawa rangi ya kahawa. Bori alitufinyangia mama mmoja mfinyanzi, akalichoma pamoja na vyungu vyake; alituuliza mara mbili kama kweli tunataka kitu kidogo namna ile. Digali ni mwanzi wa kawaida, vifundo vimetobolewa kwa waya wa moto. Shilamu niliikereza mwenyewe kwa mpingo, kwenye mashine yake, yeye amesimama nyuma yangu bila kusema neno. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na tundu lake limenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Viungo vilivuja. Hapo ndipo nta ya nyuki, iliyonishinda katika umaliziaji, ilipopata kazi yake: tuliikanda vidoleni, tukaziba kuzunguka digali na shilamu, na haikupitisha hewa.

Hatukutia tumbaku wala moto. Tulitia maji nusu ya kifuu, tukakaa kwenye benchi lake kati ya maranda. Mteja aliyekuja kuulizia mlango aliambiwa asubiri.

"Anza wewe, Mwalimu. Wewe ndiye mkubwa."

Nilivuta. Maji yakanijia kinywani, nikayatema, mteja akacheka kwa sauti. Fundi alikichukua chombo, akakiinamisha, akamwaga maji kidogo kwenye unga wa mbao, akanirudishia. Nilivuta tena, polepole. Kulitoka sauti ndogo, ya haraka, kama ya sufuria inayokaribia kuchemka, ikaendelea kwa muda wote pumzi yangu ilipodumu.

Fundi alikuwa amefumba macho.

"Bado," akasema. "Ya babu yalikuwa mazito zaidi. Lete nipunguze maji."